Mto wa Sehemu ya Tisa

Chilewa aliingia bandani kwangu saa kumi na moja jioni,
tai imelegea, kitambulisho cha wizara bado kifuani,
viatu vyeupe kwa vumbi la Chang'ombe
ambalo lami haijalimaliza.
"Dada Wendo, nasikia imetoka ya tisa."
Imetoka. Runinga ya dirishani. Mia tano sasa,
si mia ile uliyokuwa ukinikopa.

Miaka kumi na mitatu hajashika pedi.
Ya pili aliimalizia hapa hapa, shati la shule limepasuka kwapa,
akachapwa na mama yake kwa ajili ya yule mzee mfupi
mwenye kofia ya ukindu, mlinda daraja,
ambaye watengenezaji walimpa jina refu la kwao
na sisi tukamwita Babu Mlenda,
maana hakamatiki.

Mlio wa kufungulia ni uleule.
Filimbi mbili, kimya, filimbi ya tatu.
Nikaona mabega ya Chilewa yakishuka,
kama mtu aliyefika kwao usiku
akakuta kitasa hakijabadilishwa.

Kisha daraja. Kisha pengo katikati ya daraja.
Dole gumba likaenda lilikozoea kwenda
na huko hakukuwa na kuruka.
Kuruka kumehamishwa, kumepelekwa nyuma, kwenye kidole cha shahada,
kama walivyoihamisha stendi:
hadi leo kuna alfajiri miguu inanipeleka kule kwa zamani
na begi la Kondoa kichwani,
nasimama kama mjinga mbele ya geti lisilo na basi.

Babu Mlenda, chubwi, mtoni.

"Wameharibu!" Chilewa akajipiga goti. "Kitu kizuri,
wanakigusa cha nini?"

Nilimwelewa. Lakini mimi ndiye ninayelipa pango.
Ya tano hawakugusa chochote:
daraja lile, mamba wale, kofia tu imepakwa rangi.
Watoto walicheza siku mbili wakarudi kwenye mpira,
na deni la runinga nikalilipa kwa kuuza barafu za ubuyu.
Ya sita wakagusa kila kitu.
Wakamstaafisha mzee, wakaleta kijana wa bunduki,
sijui nani, hata jina la utani hatukumpa.

Shangazi yangu wa Hombolo hukata mizabibu.
Ukiionea huruma, husema, utavuna majani.
Ukiikata kwa hasira, utavuna kuni.
Nikimuuliza, basi nikate wapi,
ananipa mkasi.

Chilewa alikuwa ameshaweka pedi chini, anatafuta chenji,
Mbeleje, binti wa muuza chapati, miaka minane,
asiyejua ya kwanza wala ya nne,
alipouliza, mdomo umejaa:
"Mbona hajafa?"

Hajafa.
Sehemu nane mto ule ulikuwa kaburi.
Unyayo ukilowa tu, kioo cheusi, lipa tena.
Sasa Babu Mlenda yumo majini, kofia inaelea pembeni,
anapiga mikono kama mbwa, anakohoa,
anasubiri kuambiwa.
Na chini yake, mbali, kuna taa.

Chilewa hakusema kitu.
Aliokota pedi taratibu, kama anayeokota maneno yake mwenyewe,
akabonyeza kitufe kilekile cha zamani, kile kilichomponza,
na mzee akazama, kwa hiari safari hii,
ndani ya mto tulioruka juu yake miaka yote
tusijue una sakafu,
una milango, una ngazi za mawe,
una filimbi mbili, kimya,

umeme ukakatika.

Upepo unamwaga mchanga juu ya bati.
Mbeleje anahesabu, amefika sitini na kitu, anarudia sitini.
"Niandikie," anasema Chilewa gizani,
na nasikia dole gumba lake, tik, tik,
likijifunza upya mahali linapopajua.